Tangi la Chuma au la Plastiki: Mjadala Kuhusu Magari ya Kale ya Kalemie

Swali la tangi la mafuta huonekana dogo kwa mtu ambaye hajawahi kusafiri kutoka Kalemie kwenda Moba au Nyunzu wakati wa mvua, lakini kwa wenye magari wa mji huo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika nchini Kongo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ndilo swali linaloamua kama gari la mwaka 1975 litaendelea kubeba watu na mizigo au litalala nyuma ya nyumba likingoja kukatwa na kuuzwa kwa uzito. Tangi lililotoka na gari hilo kiwandani lilikuwa la chuma. Baada ya miaka mingi limetobolewa na kutu, na mwenye gari hana budi kuchagua kati ya kulitengeneza lilelile, kuunda jingine la chuma, au kulitupa na kuweka la plastiki. Kila njia ina watetezi wake, nao hawakubaliani.

Maana ya gari la kale inahitaji kuwekewa mipaka kwanza. Shirikisho la Kimataifa la Magari ya Kale, lijulikanalo kwa kifupi chake cha Kifaransa FIVA na lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, likitunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na likiwa halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho linawafaa watu ambao gari la kale kwao ni starehe ya siku ya mapumziko. Kalemie, Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa kati ya 1971 na 1985, au Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyoundwa kati ya 1960 na 1984, ikiwa bado inawaka, inawaka kwa sababu ina kazi ya kufanya. Kwa hiyo mjadala huu unalichukua gari la kale kuwa ni gari lolote lililopita miaka 30, liwe linapumzika au linafanya kazi, kwani ni dhuluma kulinyima heshima ya ukale gari ambalo limestahimili kuliko mengine yote.

Sauti nne zinasikika hapa, nazo zinawakilisha misimamo inayokutana katika garaji za mashariki ya Kongo, wala si watu wa kutajwa majina: Fundi, aliyezeekea katika kuchomelea na kulehemu, Mwalimu, anayefundisha kemia katika shule ya sekondari, Mama mwenye gari, anayesafirisha mahindi na mawese, na Mhifadhi, anayeyatazama magari haya kama sehemu ya historia ya nchi.

Fundi ndiye anayefungua, na hoja yake ya kwanza inahusu urahisi wa kutengeneza. Tangi la Land Rover ya Series, anaeleza, ni vipande viwili vya bamba la chuma lenye unene wa karibu milimita moja, vilivyokandamizwa kwa mashine, vikaunganishwa ukingoni na kupakwa mchanganyiko wa bati na risasi ili kutu isishike upesi. Katika Land Rover fupi tangi hilo hukaa chini ya kiti cha mbele, na katika Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilizotangulia mwisho wa miaka ya 1970 lilikuwa ndani ya kabini, chini ya kiti cha abiria, kiasi kwamba aliyeketi hapo alikuwa ameketi juu ya petroli, au esanse kama inavyoitwa Kongo. Tangi kama hilo likipata ufa kwenye barabara ya taifa namba 5, inayotoka Kalemie kuelekea Fizi na Uvira, dereva husugua kipande cha sabuni juu ya ufa, kwa kuwa sabuni haiyeyuki katika petroli, na ufa huo hunyamaza hadi atakapofika penye fundi. Penye fundi pana risasi ya kulehemu, pana mashine ya kuchomelea, na pana mtu aliyejifunza kazi hiyo tangu utotoni.

Plastiki ya tangi haina tabia hiyo. Gundi haiishiki, kwa sababu uso wa polithini, yaani ile plastiki nyeupe au nyeusi inayotumika katika matangi na madumu, haushikani na karibu kitu chochote. Huweza kuunganishwa kwa hewa ya moto na kijiti cha plastiki ya aina ileile, lakini kazi hiyo inadai kifaa cha kudhibiti joto na mkono uliozoea. Baadhi ya matangi, tena, huundwa kwa polithini iliyofungamanishwa, ambayo minyororo ya molekuli zake imeunganishwa kiwandani ili iwe ngumu zaidi, na plastiki ya namna hiyo haiyeyuki tena hata ikichomwa; ikipasuka, imekwisha. Fundi anahitimisha kwamba kitu kisichoweza kutengenezwa mahali kinapoharibikia hakifai kuitwa imara, hata kama kitabu cha kiwanda kinakisifu.

Mwalimu hakatai kwamba chuma kinatengenezeka. Anachouliza ni kwa nini kihitaji kutengenezwa mara kwa mara. "Papa Fundi," anasema, "kila tundu linalozibwa katika garaji hii lilitobolewa na kutu, na kutu haina njia ya kuingia katika plastiki." Tangi la polithini yenye msongamano mkubwa, anaendelea, hutengenezwa kwa kupuliza plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu, hivyo halina maungo yanayoweza kuachana, ukuta wake una unene wa milimita kadhaa, ni jepesi, likigongwa na jiwe hubonyea na mara nyingi kurudi katika umbo lake, ilhali chuma hubaki na kovu ambalo rangi yake imebanduka na kutu kuanzia hapo. Volkswagen ililiweka tangi la namna hiyo katika Passat mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo magari mengi mapya ya Ulaya na Marekani yana matangi ya plastiki. Haiwezekani, anasema, kwamba watengenezaji wote hao wamekosea.

Kwa uaminifu wa taaluma yake anataja pia kasoro mbili. Molekuli za petroli ni ndogo na za jamii moja na polithini, hivyo hupenya polepole ukutani na kutoka nje, gramu kadhaa kwa siku katika tangi la tabaka moja. Viwanda vilitibu jambo hilo kwanza kwa kuupitishia uso wa plastiki gesi ya florini, na baadaye kwa kuunda ukuta wa tabaka nyingi wenye utando mwembamba wa plastiki nyingine katikati, ambao hauruhusu petroli kupita. Kasoro ya pili ni kwamba polithini hunywa kiasi cha petroli na kutanuka kidogo, kwa hiyo tangi lake likifungwa kwa mikanda ya chuma isiyo na nafasi hujikunja au kukwaruzika.

Fundi anaishika kauli hiyo hapohapo. Tangi la Passat, anajibu, lilibuniwa kwa ajili ya Passat, na kalibu ya kupulizia plastiki ni ghali kiasi kwamba kiwanda huitengeneza kikijua kitauza matangi mengi sana. Hakuna kiwanda kitakachoitengeneza kwa ajili ya Peugeot 404, gari lililoanza kuundwa mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne katika miaka ya 1960, kwa sababu tu magari machache yanayobaki katika nchi zenye vumbi yanalihitaji. Mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutoka mwaka 1984, ana bahati kidogo, maana viwanda vya Australia huunda matangi ya plastiki ya kulifaa gari hilo. Mwenye Peugeot, au mwenye Land Rover ya Series, atakachopata Kalemie kwa jina la tangi la plastiki ni kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine.

Hapo Mama mwenye gari anaingilia kati, na mjadala unashuka kutoka viwandani hadi barabarani. "Papa Fundi, na wewe Mwalimu, mnabishana juu ya tangi ambalo halipo," anasema. "Tangi likitolewa, gari hufungwa bidoni ya lita 20 karibu na injini, mpira unashuka hadi kwenye kabureta, na safari inaendelea. Gari likikaa garajini wiki mbili, mahindi yanaoza Nyunzu na watoto wanarudishwa kutoka shuleni. Nani atalipa?"

Kauli hiyo inastahili kupewa nafasi kubwa, kwa sababu inataja jambo ambalo vitabu vya ufundi hulikwepa. Bidoni, yaani dumu au jerikani la plastiki, ndilo tangi la plastiki linalojulikana zaidi katika barabara za Afrika ya Kati, na mara nyingi ni lile la manjano lililokwisha kubeba mafuta ya kupikia. Ni polithini kama ile anayoisifu Mwalimu, lakini ukuta wake ni mwembamba, haukupewa kinga dhidi ya kupenya kwa petroli, hauna tundu la kupumulia isipokuwa lile la kisu, na hakuna aliyewahi kuupima kwa moto wala kwa ajali. Anayesema kwamba plastiki imethibitishwa duniani kote, kisha akalitazama dumu hilo, anazungumza juu ya vitu viwili tofauti vyenye jina moja, na mkanganyiko huo umegharimu zaidi ya fedha.

Hatari yenyewe haitokani na plastiki peke yake. Inatokana na mahali dumu lilipowekwa. Katika Land Rover, Land Cruiser na Peugeot za zamani, tangi liko chini kuliko kabureta, na petroli huvutwa juu na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizimika, pampu inasimama, na mpira ukichomoka humwagika kiasi kilichokuwa njiani tu. Dumu likifungwa juu ya injini, mafuta hushuka kwa uzito wake, na mpira ukichomoka au ukitobolewa na joto, lita zote 20 zitamwagikia bomba la moshi, injini iwe inazunguka au imezimwa. Polithini huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, ilhali bomba la moshi la gari linalopanda milima ya Moba hupita kiwango hicho mara kadhaa. Kanuni namba 34 ya Umoja wa Mataifa kuhusu kinga ya moto katika magari hutaka tangi la plastiki, likiwa limefungwa kama lilivyo garini, liwekwe juu ya moto wa petroli unaowaka na litoke bila kuvuja. Matangi ya viwandani hufaulu kwa sababu ukuta wake ni mnene na mafuta yaliyo ndani hunyonya joto kabla plastiki haijalegea. Dumu la mawese halikuandaliwa kwa jaribio kama hilo.

Mwalimu anakubali haraka kwamba dumu halimo katika utetezi wake. Fundi hapati ushindi kwa hilo, hata hivyo, kwa kuwa Mama hakuuliza kuhusu kemia. Aliuliza kuhusu wiki mbili. Hoja yake ya muda ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hadi sasa, na fundi yeyote anayelitetea tangi la chuma anadaiwa jibu la namna ya kulirudisha barabarani kwa siku mbili au tatu, la sivyo anamsukuma mteja wake kwenye dumu kwa mikono yake mwenyewe. Jibu la Fundi ni la kiutendaji: garaji iweke akiba ya tangi moja la chuma lililokwisha kusafishwa na kuzibwa kwa kila aina ya gari la kawaida mjini, mteja aondoke nalo siku ileile, na lake libaki likitengenezwa. Kwa Land Rover na Land Cruiser jambo hilo linawezekana, kwa kuwa matangi ya magari ya aina moja hubadilishana mahali bila shida. Kwa plastiki iliyobuniwa kienyeji haliwezekani.

Usalama wa fundi mwenyewe nao unadai neno. Tangi tupu la petroli ni la hatari zaidi kuliko lililojaa, jambo linalowashangaza wanaoanza kazi. Kinachowaka ni mvuke, nao huwaka ukiwa kati ya takribani asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tangi lililojaa lina mvuke mwingi mno au halina nafasi ya hewa, ilhali lililomwagwa na kuachwa na unyevu wa petroli kwenye maungo linaweza kuwa na mchanganyiko kamili wa kulipuka. Kwa hiyo tangi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, huachwa wazi, kisha hujazwa maji na kubakizwa sehemu ndogo tu inayoguswa na moto, mdomo wa kujazia ukiwa wazi. Kwa tundu dogo, kulehemu kwa risasi na bati kunatosha, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka chini ya nyuzi 200, ingawa chuma cha kulehemu chenyewe huwa cha moto zaidi na kuosha hakusameheki. Mwalimu anaihesabu hatari hii kuwa gharama ya chuma ambayo watetezi wake huisahau, na katika hilo ana haki.

Lakini kiini cha mabishano ni kutu yenyewe: inatoka wapi? Zanzibar na Mombasa gari huliwa kutoka nje, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi na chumvi huharakisha kutu. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, na upepo wake hauna chumvi ya kula chuma, hivyo tangi la Kalemie likitazamwa kwa makini huonekana limeliwa kwa namna mbili. Kwa nje, matope hujibana kati ya tangi na mikanda inayolishika na kukaa mabichi msimu mzima wa mvua. Dawa yake ni kuosha na kubadilisha vipande vya mpira vilivyo chini ya mikanda. Kwa ndani, kutu huanzia chini kabisa, mahali ambapo maji, yakiwa mazito kuliko petroli, hutua na kukaa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi, na ambayo Mwalimu anayatumia kukishambulia chuma, ni kwamba tangi lisilojaa hupumua: mchana petroli na hewa hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone ukutani. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanapofanyiwa hesabu hupungua nguvu. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu katika nyuzi 25 hubeba takribani gramu 23 za maji. Tangi la lita 60 lililo tupu kabisa, likivuta hewa kama hiyo hadi kujaa, litaingiza gramu 1.4 tu, na katika usiku wa kawaida huvuta sehemu ndogo ya ujazo wake. Mwalimu anaifanya hesabu hiyo mwenyewe ubaoni, na kwa uungwana anasema kwamba maji yanayokutwa katika matangi ya Kalemie, ambayo mara nyingine hujaza kikombe, hayawezi kuwa yametoka kwenye hewa.

"Yanatoka kwenye pipa, Mwalimu," anajibu Fundi. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia Kalemie huvuka ziwa kutoka Kigoma, takribani kilomita 130 kwa mstari ulionyooka, na mafuta yanayouzwa rejareja na wale wauzaji wa kando ya barabara ambao miji mingi ya Kongo huwaita Kadhafi hupitia mapipa ya lita 200 na mabidoni kabla ya kufika garini. Pipa likisimama wima mvuani, kifuniko chake chenye kipenyo cha sentimita 57 hushika maji. Ukingo ukiwa na kina cha sentimita 2, hayo ni karibu lita 5 zilizokaa juu ya vizibo. Mchana pipa hupata joto na kutoa hewa kupitia nyuzi za kizibo kisichokazwa vizuri. Usiku hupoa, hewa iliyobaki husinyaa, na pipa hunyonya maji yaliyo juu ya kizibo. Usiku mmoja hauleti madhara makubwa, ila msimu mzima huleta. Ndiyo maana mapipa yanayokaa nje hulazwa ubavu, vizibo viwili vikiwa katika usawa mmoja na kufunikwa na mafuta kwa ndani, au huinamishwa ili maji ya mvua yasivifikie vizibo.

Ugunduzi huo unaubadili mjadala wote, na hapa ndipo wengi wanaouliza kati ya chuma na plastiki wanapopotea. Maji yakiingia katika tangi la plastiki hayatoki kwa kuwa plastiki haishiki kutu. Yatakaa chini vilevile, na gari likiinama kwenye mlima yatavutwa hadi kwenye kabureta, au, katika injini ya dizeli, yaani mazutu kwa usemi wa Kongo, hadi kwenye pampu ya sindano, ambayo vipande vyake vimesagwa kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za milimita na hulainishwa na mafuta yenyewe. Isitoshe, mahali dizeli na maji vinapokutana humea kuvu na bakteria, na utelezi mweusi wanaouacha huziba machujio katika tangi la chuma na la plastiki bila ubaguzi. Katika chuma angalau kutu huonekana kwenye chujio mapema na kumwonya mwenye gari. Katika plastiki onyo la kwanza linaweza kuwa pampu iliyokufa, na pampu ya sindano ni ghali kuliko matangi kadhaa.

Mhifadhi, aliyesikiliza muda wote huo, anaongeza upande ambao wengine hawakuugusa. Mkataba wa Torino, uliopitishwa na FIVA mwaka 2012 kama mwongozo wa kuhifadhi magari ya kihistoria, unataka mabadiliko yawe machache, yaweze kuondolewa bila kuliharibu gari, na vipande vya asili vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Kwa hiyo hata mwenye gari anayelazimika kuweka plastiki hana ruhusa ya kulikata tangi la zamani wala kutoboa chesisi mahali papya. Tangi hilo liwekwe mahali pakavu na jina la gari liandikwe juu yake. Anakumbusha pia kwamba chuma kibaya kimewahi kuwapo. Debe la galoni 4 lililoenea Afrika Mashariki nzima lilikuwa la bamba jembamba lenye maungo ya kulehemu, na madebe ya namna hiyo yalivuja vibaya katika kampeni za jangwani za Vita vya Pili vya Dunia, hata majeshi ya Uingereza yakaiga dumu la chuma la lita 20 lililobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, lenye maungo ya kuchomelewa na rangi ya kinga ndani yake. Katika dumu hilo chuma kilibeba uzito na mapigo, na utando wa ndani ukazuia kutu.

Njia hiyo ya kati ipo hata leo: tangi la zamani huoshwa, kutu hutolewa kwa asidi hafifu na kwa kutikisa kokoto au minyororo ndani yake, kisha humiminiwa rangi ya epoksi, yaani utomvu wa viwandani unaogandamana na kigumu chake na kuwa utando usioyeyuka katika petroli. Fundi anaikubali kwa sharti moja kali. Utando uliomiminwa juu ya kutu au juu ya unyevu hubanduka baada ya miezi, na magamba yake huziba bomba la mafuta katikati ya pori, hivyo asiyekuwa na subira ya kukausha tangi kwa siku nzima juani ni afadhali aache kabisa. Anaonya vilevile dhidi ya kuunda tangi jipya la dizeli kwa mabati ya kuezekea nyumba, maana zinki iliyopakwa juu yake hushikana na asidi zilizomo katika dizeli na kufanya uchafu mzito kama sabuni unaoziba machujio.

Kuhusu matangi ya mpira yanayotumika katika mashindano, kama yale yanayoidhinishwa na FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, Mhifadhi mwenyewe anapita haraka: ni salama kuliko yote, lakini uhalali wake huhesabiwa kwa miaka michache kisha hubadilishwa, na gari la Mama halishindani na mtu.

Anayechagua plastiki ya kiwandani kwa gari la dizeli ana mambo ya kutimiza ambayo mafundi wengi huyasahau. Geji ya mafuta katika magari ya zamani hupata njia yake ya kurudisha umeme kupitia mwili wa tangi la chuma. Plastiki haipitishi umeme, hivyo bila waya mmoja wa ziada kutoka kwenye boya hadi chesisi sindano ya geji haitasema kweli. Mdomo wa chuma wa kujazia nao uunganishwe na chesisi kwa waya, ili umeme tuli unaozaliwa mafuta yanapomiminwa usirukie mvuke. Mikanda iachiwe nafasi ya plastiki kutanuka, na bomba la moshi liwekewe kinga ya bamba.

Baada ya hayo yote hukumu si ngumu. Kwa gari la kale la petroli linalotumika Kalemie, tangi la chuma la asili, lililosafishwa na kutengenezwa vizuri, ndilo sahihi, kwa kuwa ndilo linalotengenezeka hapohapo na ndilo ambalo gari lilibuniwa nalo. Tangi la plastiki lililoundwa kiwandani kwa ajili ya gari hilohilo linakubalika katika magari ya dizeli ya mfululizo wa karibuni, mwenye gari akiweza kuligharimia na kulifunga inavyotakiwa. Dumu juu ya injini halikubaliki kwa hali yoyote, na garaji zenye matangi ya akiba ndizo zinazoweza kulimaliza.

Wenye magari wanaombwa jambo moja kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Mafuta yanayonunuliwa yamiminwe kwanza katika chupa ya kioo na kuachwa yatulie, kwa kuwa maji yataonekana chini yake kwa macho. Kisha kifunguliwe kizibo kidogo kilicho chini ya tangi la Land Rover na la Land Cruiser, ambacho waliounda magari hayo walikiweka kwa ajili ya kutoa maji, na ambacho katika magari mengi kimegandishwa na kutu kwa sababu hakijaguswa kwa miaka.